Udongo, Mzabibu na Mvinyo

Zabibu zinazouzwa katika masoko ya Temeke na Kinondoni aghalabu hutoka Dodoma. Mwanafunzi aweza kuuliza: mchanga upo Mbagala pia, mbona hazilimwi huko, karibu na mnunuzi?

Jibu twaweza kuanza kulitafuta Ufaransa, katika jimbo la Bourgogne. Huko udongo mwingi umetokana na mawe ya chokaa, nao mzabibu mwekundu unaosifika ni Pinot Noir. Mwaka 1395 mtawala wa jimbo hilo, Philippe, alipiga marufuku aina iitwayo Gamay, akiiona duni. Lakini kusini, katika vilima vya Beaujolais ambako udongo mwingi umetokana na miamba ya itale, Gamay ilisitawi, na hadi leo ndiyo fahari ya huko.

Je, mzabibu hunyonya ladha ya jiwe? La. Mizizi hunyonya maji pamoja na chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake. Kazi kubwa ya udongo ni kuupimia mmea maji. Udongo upitishao maji upesi huuzuia mzabibu kutoa majani kupita kiasi, na tunda lake huwa dogo. Tunda dogo lina ganda kubwa likilinganishwa na maji yake. Na gandani ndimo mlimo rangi na tanini, dutu ile ikazayo ulimi katika chai ya rangi.

Dodoma ina udongo wa kichanga uliotokana na itale, mwinuko wa mita 1,100 hivi, na mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka. Kiangazi kirefu huzuia kuvu, na ubaridi wa usiku huhifadhi asidi ya tunda. Hapo hustawi Makutupora, zabibu nyekundu, na Chenin Blanc, nyeupe yenye asili ya Ufaransa. Nayo mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mbagala hupata mvua zaidi ya milimita 1,000, unyevunyevu wa bahari hulea kuvu, na joto la usiku hupunguza asidi. Mchanga peke yake hautoshi.

Mkulima hungoja miaka miwili au mitatu kabla ya kuona mavuno ya maana. Akikosea kuchagua aina, hugundua kosa lake fedha na jasho vikiwa vimekwisha kutumika. Basi na tuujue udongo, mvua na mmea kabla ya kushika jembe.