Hiba, Wakfu na Idhini: Maana ya Kutoa Programu Huria

Neno "kutoa" katika Kiswahili lina upana mkubwa. Atoaye hiba huhamisha milki yake. Awekaye wakfu huzuia mali isiuzwe, manufaa yake yakawaendea watu. Atoaye idhini hubaki na chake, ila humruhusu mwingine kukitumia. Tofauti hizi, zilizozoeleka pwani tangu zamani, yafaa zikumbukwe zitajwapo programu huria za kompyuta, kwa maana husemwa kwamba zimetolewa bure, na namna ya utoaji isielezwe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, huzihesabu programu za kompyuta miongoni mwa maandishi. Hivyo mtu wa Lemara, Arusha, akiandika programu ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, hulindwa kama mtunzi wa kitabu. Akiiweka hadharani bila leseni, hajaitoa: wengine wataiona, lakini hawana ruhusa ya kuinakili wala kuibadili.

Akitaka kuikabidhi kwa jumuiya ya programu huria, hapana budi ajibu maswali matatu. Je, ni yake, au ni ya mwajiri wake? Je, waliomsaidia wamekubali wote? Je, orodha ya maneno iliyomo imenakiliwa katika kamusi ya mtu mwingine? Mtu hawezi kutoa asichokimiliki.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu leseni ya OpenOffice iliruhusu tafsiri. Mwaka 2011 kampuni ya Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa Apache Software Foundation. Apache haitwai milki. Hupokea idhini iliyoandikwa, kisha hukagua asili ya kila sehemu. Sehemu zenye leseni ya LGPL zilibidi ziondolewe au zibadilishwe kabla ya toleo la 3.4 la mwaka 2012. Leseni hiyo hufanana na wakfu: sharti la mtoaji huifuata kazi popote iendapo. Leseni ya Apache haina sharti la namna hiyo.

Kwa mkusanyaji wa msamiati, funzo ni dhahiri. Chanzo cha kila orodha na ruhusa ya kila mshiriki viandikwe tangu mwanzo. Miaka ikipita, washiriki hutawanyika na wengine hufariki. Na kazi njema isiyo na idhini haimfai mtu.