Kuhama kupitia Mpondwe: Lori baadaye, daftari kwanza

NILIZALIWA Ibanda, ile ya Bugoye chini ya mlima Rwenzori, lakini kusoma na kuandika nilijifunzia Beni. Wazazi wangu walivuka mto Lhubiriha wakiwa wamenibeba mgongoni, wakati wa vita vya Rwenzururu vilivyokoma mwaka wa 1982. Nikasomea Congo, nikawa mwalimu huko, nikaoa huko. Mauaji ya raia yaliyoanza kuzunguka Beni Oktoba 2014 ndiyo yaliyotuchosha. Mwaka wa 2019 tukaamua kurudi.

Kutoka Beni hadi Kasindi ni kilomita 80 tu, na ufupi huo ndio ulionidanganya. Nilikwenda kwa mwenye kampuni ndogo ya usafirishaji, nikakodi Fuso kwa dola 400 hadi mlangoni pangu. Tukapeana mikono. Nikalipa pesa zote siku hiyo hiyo.

Tulipofika Kasindi dereva akasimamisha gari akasema yeye mwisho wake ni hapo. Hakuwa na kadi ya njano ya COMESA, ile bima inayotambuliwa gari likivuka kuingia nchi nyingine. Nilipompigia mwenye kampuni, simu ilikuwa imezimwa. Sikuwa na karatasi yoyote ya mapatano. Ikabidi vyombo vyote vishushwe, wapagazi wavivushe darajani kwa vichwa na mikokoteni, na nikodi lori lingine upande wa Bwera kwa pesa zangu. Ebola ilikuwa imeingia Kasese Juni mwaka huo, kwa hiyo kila mpagazi alinawa maji ya dawa na kupimwa joto kila alipovuka. Katika pilikapilika hizo kabati la marehemu mama likavunjika mguu.

Basi wewe unayepanga kuhama, usiulize bei kwanza. Omba kuona kadi ya njano na hati za gari. Andikeni ni nani atakayelipa mizigo ikihamishiwa gari lingine mpakani, nani atakayelipa gari likilala, na nusu ya pesa ibaki mfukoni mwako hadi kiti cha mwisho kiingie ndani. Tena andika mahali kwa ukamilifu. Lori la pili nusura linipeleke Ibanda ya upande wa Mbarara, ambayo ni wilaya nyingine kabisa. Na kule Bukavu kuna Ibanda ya tatu!

Hata hivyo, kosa la lori lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa ndani ya godoro.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2004 humruhusu mkazi anayerejea kutoka nje ya jumuiya kuingiza vyombo vyake vya nyumbani bila ushuru, almuradi alikuwa akivitumia kule alikotoka na viingie ndani ya siku 90 tangu yeye mwenyewe afike. Nilikuwa nimetangulia Juni kutafuta nyumba, mizigo ikaja Agosti, na muhuri wa kuingia nilikuwa nao. Lakini bidhaa za kuuza hazimo katika msamaha huo. Shemeji yangu, muuza vitenge, alikuwa amemwomba mdogo wake, yaani mke wangu, amvushie marobota mawili. Mimi sikuambiwa.

Afisa alipolipasua godoro aliniuliza, kwa upole kabisa, kama Mwalimu anashona nguo za shule nzima. Sikuwa na jibu. Tangu hapo hakuamini kitu. Masufuria yakawa biashara, cherehani ikawa biashara, hata masanduku yangu matatu ya vitabu vya Kifaransa. Tulilala usiku mbili chini ya turubai, watoto wakiwa juu ya meza ya kulia chakula.

Kilichotutoa ni daftari la shule. Kabla ya kufunga mizigo mke wangu aliandika kila kitu: vitanda vitatu, masufuria sita, cherehani moja kuukuu, kabati moja la mninga. Aliandika kwa kuwaogopa wapagazi, si forodha. Afisa alihesabu mstari kwa mstari, akaona vyombo na daftari vinalingana, na kwamba kisichoandikwa ni vitenge peke yake. Shemeji alikuja siku ya tatu, akalipia ushuru wa mali yake, nasi tukaachiliwa. Waliosema mali bila daftari huisha bila habari walikuwa wamepita Mpondwe, nadhani.

Tengeneza nakala tatu: yako, ya dereva na ya forodha. Ambatisha barua ya mkuu wa mtaa uliohama. Tangu Julai 2022 Congo ni mwanachama wa jumuiya, na msamaha niliotumia uliandikwa kwa anayetoka nje yake, kwa hiyo muulize wakala wa forodha Bwera kabla hujapakia, si ukiwa foleni. Nanyi wafanyabiashara, mnatuponza. Robota lako lipite kwa jina lako.

Tuliingia Ibanda usiku, mvua ikinyesha, majirani wakashusha mizigo bila kudai kitu. Kabati la mama lipo sebuleni hadi leo, mguu mmoja ni tofali. Shemeji akija kututembelea hukaa upande mwingine wa chumba.