Mnyonya Damu na Mkataba wa Miaka 999

Sehemu ya pili

Juma lililopita tulimwacha Florence Stoker, mjane wa mwandishi wa Dracula, akiwa ameshinda kesi yake Ujerumani. Mwaka 1925 mahakama iliamuru nakala zote za Nosferatu ziharibiwe, kwa kuwa F. W. Murnau aliitoa filamu hiyo, iliyochotwa kwenye riwaya ya Dracula, mwaka 1922 bila kumlipa mjane hata ndururu. Kampuni ya Prana-Film iliyogharamia kazi ilikuwa imeshafilisika, na haikuwahi kutoa filamu nyingine. Lakini nakala zilikuwa zimetawanyika nchi za mbali, na ndiyo maana mtu wa Kitale mwenye simu na bando anaweza kuitazama leo tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa ni zamu ya mjukuu: Nosferatu ya Robert Eggers, iliyoanza kuonyeshwa Marekani siku ya Krismasi mwaka 2024. (Ile ya Werner Herzog ya mwaka 1979 naiheshimu, ila nafasi ya gazeti ni finyu.) Eggers aliigiza hadithi hii jukwaani tangu alipokuwa shule ya upili, akaibeba kifuani miaka yote hiyo akitengeneza filamu nyingine, The Witch na The Northman zikiwamo. Alipopata fedha aliipiga picha sehemu kubwa katika Jamhuri ya Czech, akajaza maelfu ya panya hai katika maeneo ya kuigizia. Ilipendekezwa kwa tuzo nne za Oscar, zote za ufundi: upigaji picha, mavazi, mandhari, na upambaji wa nyuso na nywele. Haikutwaa hata moja.

Hadithi ni hii. Mwaka 1838, katika mji wa kubuni wa Wisborg, Ujerumani, kijana Thomas Hutter ameoa juzi tu na amepata kazi kwa wakala wa nyumba. Bosi wake anamtuma milima ya Carpathia akamalizane na mteja mmoja, kabaila mzee aitwaye Orlok, anayetaka kununua jumba bovu pale mjini. Kijana anaenda. Kabaila ni maiti inayotembea na kunywa damu. Anamfyonza kijana, anapanda meli, na anapotia nanga Wisborg anashuka na panya na tauni. Anachokitaka hasa ni Ellen, mke wa Hutter, ambaye utotoni, kwa upweke, aliomba apate mwenzi, na ombi likasikika kusikotakiwa. Mwishoni Ellen anamzuia kitandani hadi jogoo anawika, jua linamuua Orlok, na Ellen naye anakufa.

Wengi walioisifu filamu hii walisifu giza lake, mwanga wa mishumaa, na sauti ya Bill Skarsgård anayemwigiza Orlok, sauti nzito inayokwaruza kana kwamba inatoka chini ya sakafu. Sifa hizo ni za haki. Mimi nataka kukaa kwenye karatasi.

Kuna onyesho ambalo mkazi yeyote wa Trans Nzoia angelielewa bila kuelezwa. Orlok anaweka hati mezani mbele ya Hutter. Maandishi ni ya lugha ambayo kijana haijui. Akiuliza, anaambiwa ni lugha ya mababu wa mwenye nyumba. Anapewa mfuko wa dhahabu, anatia saini. Baadaye sana ndipo tunapofahamu kwamba kwa saini ile alimtoa mkewe. Eggers hakulibuni wazo la karatasi kutoka hewani. Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, Jonathan Harker ni wakili anayempelekea Dracula hati za nyumba ya Carfax, Purfleet, karibu na London. Dracula huyo anasoma ratiba za reli za Uingereza, anauliza maswali ya sheria, anasafirisha masanduku 50 ya udongo wa kwao ili apate pa kulala. Kabla ya kung'ata mtu yeyote London, ameshakuwa mmiliki wa nyumba kihalali.

Mhakiki Stephen Arata aliandika mwaka 1990 kwamba hofu ya riwaya ile ni ya mkoloni kufanyiwa alichowafanyia wengine: mgeni anatoka mbali, amejifunza lugha na taratibu za wenyeji, ana karatasi zote sawasawa, na anachukua nchi. Nadhani ni kweli, na tarehe zinamuunga mkono. Mwaka riwaya ilipotoka, Waingereza walikuwa wameshaanza kutandaza reli kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ilifika ziwani. Waliokuwa wakisoma Dracula usiku kwa woga ndio hao hao ambao serikali yao ilikuwa inapima nchi yetu mchana.

Hebu tuangalie karatasi za Kitale, basi. Sheria ya Ardhi za Ufalme ya mwaka 1915 iliruhusu walowezi kukodishiwa mashamba kwa miaka 999. Isome tena tarakimu hiyo. Mpangaji wa kawaida huomba miaka ambayo yeye na wanawe wataimaliza. Miaka 999 ni muda wa mtu asiyekusudia kufa. Mwaka 1919, vita vikiwa vimekwisha, mashamba ya wanajeshi wa Kizungu yaligawanywa kwa bahati nasibu katika ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Theatre Royal, Nairobi. Jukwaani, kweli kabisa. Wasengwer na Wasabaot waliokuwa wakilisha mifugo Trans Nzoia hawakuwa na tikiti. Mwaka 1926 reli ilifika Kitale kuchukua mahindi, na Wabukusu na majirani zao wengi walikaa kwenye mashamba hayo wakiwa maskwota, wakilipia mahali pa kulala kwa jasho. Kuanzia mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyetoka nje ya eneo lake alitakiwa kubeba kipande cha utambulisho ndani ya kikopo cha chuma, na kikopo kilining'inia shingoni. Stoker mwenyewe asingechagua mahali bora zaidi.

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 65, iliushusha muda wa asiye raia hadi miaka 99. Mtu anaweza kusema hiyo ndiyo miale ya jua iliyomfikia kabaila, ijapokuwa maskwota wa Trans Nzoia watakuambia kwamba aliyechukua shamba baada ya mlowezi si lazima awe yule aliyelilima.

Je, watu waliokuwa upande wa pili wa karatasi hizo walikuwa na mnyonya damu wao? Walikuwa naye, tena katika miaka ile ile ambayo Ulaya ilikuwa inampiga picha Orlok wa kwanza. Tangu miaka ya 1920 Nairobi ilijaa habari za wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Pwani na Tanganyika walisema mumiani, Uganda walisema bazimamoto, na huku magharibi ya Kenya jina lililodumu ni kachinja. Mwanahistoria Mmarekani Luise White alizikusanya habari hizi kwa wazee wa Siaya mwaka 1986, kisha Uganda, akatoa kitabu mwaka 2000, Speaking with Vampires. Hakuuliza kama zilikuwa za kweli au uongo. Aliuliza zinatuambia nini kuhusu waliozisimulia, na hapo ndipo penye utamu.

Mnyonya damu wa Nosferatu ni mmoja, ana jina, ana ukoo, ana ngome. Anakunywa mwenyewe kwa kinywa chake. (Katika filamu hii anang'ata kifuani, kama yalivyo masimulizi ya kale ya wanakijiji wa Ulaya Mashariki, shingo ni mapambo ya waandishi.) Kachinja hana jina. Ana sare, ana zamu, ana mshahara. Anakuja na gari lenye madirisha yaliyofunikwa au lisilo na taa. Anayekukamata ni Mwafrika mwenzako, ameajiriwa, analipwa vizuri, na hawezi kumwambia mkewe kazi anayofanya. Damu hainywi, inapelekwa mahali, kwa wakubwa, kuwa dawa. Aliyeagiza haonekani. Wasimulizi hawa walikuwa watu wa kibarua na kipande, waliojua mwili wa mtu unavyogeuzwa mali kwa hatua ndogondogo, kila hatua na mfanyakazi wake anayesema yeye ametumwa tu. Kwa kipimo cha ufahamu wa mambo, naona hadithi yao ni ya watu wazima zaidi kuliko ya Stoker.

Nayo haikuwa ya kando ya moto tu. Mombasa mwaka 1947 umati ulikishambulia kituo cha zimamoto. Dar es Salaam mwaka 1959 ghasia za mumiani zilizuka Buguruni. Katika miaka ya 1990, watafiti wa afya walipotoa damu kwa watoto wa shule huko Luo Nyanza, uvumi wa kachinja uliwaandama, na P. Wenzel Geissler, aliyekuwa miongoni mwa watafiti hao, aliandika makala juu yake mwaka 2005. Mzazi aliyeuliza damu ya mwanangu inakwenda wapi aliuliza swali ambalo siku hizi kila kamati ya maadili ya utafiti hudai lijibiwe kwa maandishi.

Nirudi kwa Ellen, maana yeye ndiye moyo wa filamu ya Eggers, na Lily-Rose Depp anamwigiza kwa mwili mzima. Ellen anajua kinachokuja. Anapiga kelele, anaanguka, anatabiri. Waungwana wa Wisborg wanamfunga kamba kitandani, wanamnusisha dawa ya usingizi. Anayemwamini ni Profesa von Franz peke yake (Willem Dafoe), msomi ambaye wenzake walishamtenga. Nilipokuwa nikitazama sehemu hiyo nilimkumbuka Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa. Masinde alisema Wazungu waondoke, warudishe nchi. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimtia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko hadi 1947. Februari mwaka uliofuata polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa Msambwa huko Malakisi, watu 11 wakafa. Masinde hakuwa malaika, na sisemi kila alilotenda lilikuwa jema. Nasema njia ilikuwa ile ile: anayeona asiyopaswa kuona hupelekwa kwa daktari kwanza.

Kuhusu tauni, Murnau ndiye aliyeiunganisha na mnyonya damu, na Eggers ameifuata kwa bidii hadi jeneza la mwisho. Hapa Mlima Elgon una neno lake. Mnyonya damu wa sinema hugeuka popo, lakini popo wanaokunywa damu wako aina tatu tu duniani, zote za Amerika. Wa Elgon wengi hula matunda na wadudu. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 1980 mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, alilitembelea pango la Kitum, lile ambalo tembo huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe. Siku chache baadaye akaugua, akasafirishwa Nairobi, akafa kwa virusi vya Marburg. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987 kijana wa Denmark aliyeingia pango hilo hilo alifariki kwa ugonjwa huo huo. Mwaka 2009 watafiti walithibitisha, katika mgodi wa Kitaka nchini Uganda, kwamba popo mla matunda anabeba virusi hivyo. Mwandishi Mmarekani Richard Preston alikiuza kisa cha Kitum dunia nzima mwaka 1994 kwa kitabu chake The Hot Zone, na mwaka 2019 jina hilo likawa la mfululizo wa runinga. Mnyama asiyekunywa tone la damu aliifanyia dunia ya kweli kile ambacho Orlok aliifanyia Wisborg.

Lawama yangu kwa Eggers ni moja. Hutter akiwa njiani anawakuta wanakijiji Waroma, na usiku anawaona wakimfukua mfu na kumchoma mti kifuani. Wale watu wanajua kila kitu: Orlok ni nani, anauawaje, na kwamba asifikiwe. Filamu inawapa dakika chache na kicheko kibaya, kisha inawaacha huko mlimani ili profesa wa mjini aje kuvumbua walichokuwa wanakijua. Miaka 102 ilipita kati ya Murnau na Eggers, panya wameongezwa, giza limeboreshwa, na mwanakijiji bado ni pambo.

Kwenye vibanda vya video vya Kitale na Bungoma, ambako filamu za kigeni zimezoeleka zikiwa na msimulizi juu yake, kasoro hiyo ingerekebishika. DJ Afro ndiye maarufu zaidi upande wetu wa mpaka. Kampala wako akina VJ Jingo, wanaosimulia kwa Kiganda. Wanaojiita wapenzi wa sanaa huwadharau. Lakini hebu mfikirie msimulizi hodari kwenye lile onyesho la hati: angeshaanza kumfokea Hutter kabla kalamu haijagusa wino, na kibanda kizima kingefoka naye. Mtazamaji angeingia kwenye hadithi akiwa upande wa wanaojua, wale wale Waroma ambao Eggers aliwaacha mlimani.

Bado sijaona filamu ya kachinja, nami ningependa kuiona ikipigwa picha kati ya Kiminini na Webuye, mhusika mkuu akiwa dereva wa lile gari. Tatizo kwa mwandishi wa filamu litakuwa mwisho wake. Hadithi ya Ulaya ina jogoo: anawika, pazia linashuka. Ya kwetu haina. Uhuru ulikuja, wazimamoto wakabaki kuzima moto, na uvumi ukahamia kwenye gari jingine. Kusini mwa Malawi mwaka 2017, watu walioshukiwa kunyonya damu waliuawa na umati, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Sehemu ya tatu, juma lijalo, itaanzia huko.