Picha za Visiwa Vyetu Zipigwe na Wenyewe

Katika kikao kimoja cha shehia tulichowahi kukihudhuria, upande wa mashariki wa Unguja, wazee walilalamika kwamba mikoko ya kijiji chao inamalizwa. Afisa aliyetumwa kuwasikiliza aliuliza swali la haki kabisa: mikoko hiyo zamani ilifika wapi? Mzee mmoja alinyoosha mkono kuelekea baharini. Mwengine naye akanyoosha wake, lakini kwengine. Kijana mmoja akatoa picha katika simu yake. Ilikuwa imejaa majani matupu, hapaonekani jiwe wala mnazi wa kuthibitisha mahali, na tarehe yake ilikuwa ya uongo kwa kuwa saa ya simu haikuwahi kurekebishwa. Kikao kilifungwa bila ya ushahidi.

Tumelikumbuka tukio hilo kwa sababu visiwa vyetu havina uhaba wa picha. Upigaji picha ulianza hapa tangu karne ya 19, enzi za studio ya A. C. Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo imetuhifadhia sura nyingi za Mji Mkongwe na watu wake. Lakini msitu, pwani na viumbe vyake tumemwachia mgeni. Yeye huja kwa siku tatu, hupiga picha alichokipenda, akaondoka nacho. Sisi tunaoishi hapa masika na vuli, kaskazi na kusi, tunabaki na maneno.

Thamani ya picha katika uhifadhi si jambo la kubahatisha. Mwaka 2003 watafiti waliotega kamera katika msitu wa Jozani walipata picha za kanu wa Unguja, mnyama wa usiku ambaye wataalamu walikuwa wamemtambua miaka michache tu kabla ya hapo. Picha hizo zilithibitisha kwamba yu hai na anatembea katika msitu ule. Mwaka uliofuata, 2004, eneo la Jozani na Ghuba ya Chwaka likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa.

Kwa hiyo tunapendekeza kila wilaya iandae warsha ya upigaji picha za maumbile kwa vijana wake, wavuvi, wakulima wa mwani, walimu na wajumbe wa kamati za uhifadhi. Siku tano zatosha kuanzia, na washiriki wasizidi ishirini ili mwalimu aweze kuiangalia kazi ya kila mmoja. Chuoni tulipokuwa watoto hatukupelekwa kwenye msahafu kabla ya kuzijua herufi. Mwalimu alitukalisha kwenye alifu na bei mpaka ulimi ukanyooka. Kamera nayo ina alifu yake, nayo ni mwanga.

Ratiba ya warsha isipangwe kwa saa za ofisi. Hapa petu jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi na hupanda kwa haraka. Ikifika saa 3 mwanga umekuwa mkali na vivuli vimekuwa vyeusi. Basi asubuhi iwe ya kazi ya nje, mchana darasani, na jioni kutoka tena. Kwa picha za mikoko tuchague siku za bamvua. Siku hizo maji huwa yameshaanza kupwa alfajiri, na mnamo saa 4 asubuhi pwani huwa wazi. Anayekaa mahali pamoja asubuhi nzima atapata mikoko ikiwa majini, kisha mizizi yake, kisha kina mama wanaokwenda mwani. Kwa Pemba kuna msitu wa Ngezi, na kuna Kidike, ambako wanakijiji wanawalinda popo wa Pemba wasiopatikana kwengine duniani.

Darasani yafundishwe mambo machache, lakini yashikike. Kamera hupima mwanga kwa kukisia. Ikiona mchanga mweupe huuona umezidi mwanga, ikautia giza. Mpiga picha hana budi kuongeza mwanga kwa mkono wake. Kima punju aliye juu ya tawi huku mbingu ikiwa nyuma yake hutoka kivuli kitupu, na hapo pia mwanga uongezwe, au mpiga picha ahame mahali. Asiyekuwa na lenzi ndefu asivute picha kwa vidole kwenye kioo cha simu, kwani huiharibu. Ni bora apige mnyama pamoja na mti wake, tujue anaishi wapi. Na kila jioni kamera ifutwe chumvi kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa vizuri, kisha ikaushwe.

Adabu nayo ni sehemu ya ufundi. Hesabu ya kima punju iliyochapishwa katika miaka ya karibuni iliwakuta zaidi ya 5,000, nao hawapatikani popote nje ya Zanzibar. Mwongozo uliotolewa mwaka 2021 na wataalamu wa IUCN unataka mtu anayeonekana pichani pamoja na mnyama wa jamii ya kima awe mbali naye kwa mita 7 au zaidi. Asilishwe chakula, asishikwe, asimulikwe taa machoni. Kijana aliyefundishwa hivyo ndiye atakayekuwa na haki ya kumkataza mgeni.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni ukweli. Siku hizi mashine zinaweza kutunga picha ya msitu usiokuwepo. Kwa hiyo warsha iweke sharti: kurekebisha mwanga kwaruhusiwa, kuongeza au kuondoa kitu hakuruhusiwi, na picha ya asili, kama ilivyotoka kwenye kamera, ihifadhiwe. Saa ya kamera isahihishwe kabla ya kutoka. Kila picha iandikwe mahali, tarehe na jina la mpigaji, na iwekwe nakala tatu, mojawapo nje ya jengo hilo. Kisha kila shehia ichague vituo vichache vya kudumu, pembeni mwa jiwe au mti mkubwa, na kila mwaka, msimu ule ule na maji yale yale, picha ipigwe kutoka hapo hapo.

Tunawaomba viongozi wa wilaya, wizara zinazohusika na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walitazame pendekezo hili. Halihitaji jengo jipya. Kamera chache za pamoja, simu ambazo vijana tayari wanazo, darasa la skuli wakati wa likizo na mwalimu mwenye subira vyatosha. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zinatunza picha za zamani. Nazo zifunguliwe mlango wa kupokea picha hizi mpya.

Tukifanya hivyo, siku afisa atakapouliza tena mikoko ilifika wapi, wazee hawatakuwa na haja ya kunyoosha mikono. Wataweka mezani picha ya mwaka jana na ya mwaka huu, na kikao kitaendelea na shauri la nini kifanyike.