Nabii, Mwonaji na Mfalme: Maneno ya Vitabu vya Samweli Yanaposomwa Shella ya Malindi

Shella ni mtaa wa kale wa mji wa Malindi, nao haufai kuchanganywa na Shela ya Lamu. Hapo ufukoni upo Msikiti wa Ijumaa pamoja na makaburi yake ya mnara. Na upande wa kusini, si mbali, lipo kanisa dogo la Wareno na nguzo ya Vasco da Gama, ambaye alifika mjini mwaka 1498. Mazungumzo baina ya dini mbili si jambo geni mahali hapo. Mwaka 1542 Francis Xavier alipita Malindi akielekea Uhindi, na katika barua yake alieleza habari za Mwislamu mashuhuri wa mji aliyemsikitikia kwamba kati ya misikiti 17 iliyokuwapo ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa, kisha akataka kujua kama Wakristo nao wameyaacha makanisa yao.

Msomaji aliyelelewa katika mazingira kama hayo anapovifungua vitabu vya Samweli haji mikono mitupu. Chuoni amekwisha kusikia habari za Taluti na Jaluti, anamjua Nabii Daudi na Zaburi yake, na maneno kama nabii, masihi na tabiri yana maana kwake kabla hajaona ukurasa wa kwanza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo si vyombo vitupu vya kubebea habari za Kiebrania. Yana dai lao wenyewe, na palipo na ugumu katika kuvisoma vitabu hivi kwa Kiswahili, mara nyingi ugumu huo umo katika neno kabla ya kuwamo katika itikadi.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba Wayahudi huvihesabu Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme kuwa ni “Manabii wa Kwanza”. Vitabu ambavyo msomaji wa leo angeviita tarehe ya wafalme, wenyewe waliviweka katika fungu la manabii. Mfalme anapimwa kwa neno la nabii; hilo ndilo jambo linaloviunganisha.

Mwonaji na nabii

Katika sura ya 9 ya Samweli wa Kwanza, Sauli mwana wa Kishi ametumwa kuwatafuta punda wa babake waliopotea. Mtumishi wake anamshauri waende kwa mtu wa Mungu aliyeko mjini, naye anayo robo ya shekeli ya fedha ya kumpa. Hapo msimulizi anaiacha hadithi njiani ili aeleze neno: mtu ambaye katika siku zake huitwa “navi”, watu wa zamani walimwita “roeh”, yaani mwenye kuona. Ni nadra kwa kitabu cha dini kufanya kazi ya kamusi namna hii, na aya hiyo ya 9 ni mtihani kwa kila mfasiri, kwa kuwa inamtaka awe na maneno mawili, moja kuukuu na moja la sasa.

Kwa “navi” hapakuwa na shida. Kiarabu kina “nabi”, ndugu wa neno la Kiebrania, na Waswahili wamelitumia kwa karne nyingi. Shida ilikuwa “roeh”. Mtu anayefuatwa na waliopotelewa na mifugo, akapewa ada, anajulikana vyema pwani: ni mpiga ramli au mwaguzi. Lakini maneno hayo yana lawama katika misikiti na makanisa pia, na mfasiri asingeweza kumvika Samweli vazi hilo. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, iliyounganisha kazi za Kiunguja na Kimvita zilizotangulia, ina “mwonaji”, neno lililoundwa kwa kitenzi “ona”. Ni neno safi, na huenda ni safi mno, maana hakuna mji wa Waswahili uliopata kuwa na mtu ambaye kazi yake ni uonaji. Ile robo ya shekeli inabaki ikining’inia. Msomaji hajui ni ada ya nini.

Mgiriama wa bara ya Malindi huenda akalielewa jambo hili upesi zaidi. Katika masimulizi ya Wagiriama yupo Mepoho, mwanamke aliyeona kuja kwa wageni kabla hawajafika. Kwao kuona ni kazi na ni cheo, na hakuhitaji kitabu.

Kiebrania kina neno la tatu, “hozeh”, nalo pia latokana na kuona. Mambo ya Nyakati wa Kwanza 29:29 huyataja yote matatu katika aya moja: Samweli ni “roeh”, Nathani ni “navi”, Gadi ni “hozeh”. Kiswahili cha 1952 kina mawili tu, na Samweli na Gadi wote ni waonaji. Hasara hiyo si kubwa.

Hasara kubwa iko katika kitenzi. Sauli anapokutana na kikosi cha manabii wakishuka kutoka mahali pa juu (10:5), mbele yao kuna vinanda, matari, filimbi na vinubi, naye anaingiwa na hali yao na kufanya kama wafanyavyo. Kitenzi cha Kiebrania ni “hitnabbe”, na tafsiri husema “kutabiri”. Sasa, “tabiri” limetokana na Kiarabu, ambako “taabiri” ni kufasiri ndoto, na kwa Mswahili maana yake ni kueleza yatakayokuja. Mwanafunzi huuliza mara moja: walitabiri nini? Hakuna jibu, kwa kuwa matini hayataji neno lolote walilolisema. Hali inayoelezwa ni ya mtu kutekwa na roho hata akatoka katika hali yake ya kawaida; katika 19:24 Sauli anavua nguo na kulala chini mchana kutwa na usiku kucha. Kiebrania kinatumia kitenzi hicho hicho hata pale roho mbaya inapomjia naye ameshika mkuki (18:10). Msomaji wa Shella anayajua matari, anaijua zikiri, na amesikia habari za waliopandwa na pepo ngomani. Anao msamiati wa kuielewa sura hiyo, ila neno aliloandikiwa ndilo linalompeleka kando.

Je, dawa ni kuyaacha maneno yenye asili ya Kiarabu? Karl Roehl alifikiri hivyo. Katika Biblia yake, iliyokamilika mwaka 1937, alijitahidi kuyapunguza, na badala ya nabii akaandika “mfumbuaji”, yaani mwenye kufumbua yaliyofumbwa. Kwa kazi ya lugha ni uundaji mzuri, na kuna wanaisimu ambao hata leo wangeupongeza. Lakini neno hilo lilimtenga msomaji na kila alichokijua. Pwani walikuwa na Nabii Yusufu, Nabii Ayubu na Nabii Musa, watu waliotungiwa tendi. Huyu mfumbuaji alikuwa mgeni asiye na jamaa. Pia lilisahauliwa kwamba “nabii” ni jirani wa karibu wa “navi” kuliko neno lolote ambalo Kibantu kingeweza kutoa. Ludwig Krapf hakuwa na hofu ya namna hiyo: mwaka 1844, alipoanza Mombasa kukifasiri kitabu cha Mwanzo, msaidizi wake alikuwa kadhi wa mji.

Mfalme, mkuu na mwamuzi

Kabla ya wafalme palikuwa na “shofetim”, ambao Kiswahili kinawaita Waamuzi. Chaguo hilo ni la busara. “Kadhi” lingekuwa karibu kwa sikio la pwani, lakini kadhi ni mtu wa vitabu na sheria, hali “shofet” aghalabu ni mwokozi wa vita ambaye pia huamua mashauri. Samweli alikuwa wa mwisho wao, akizunguka Betheli, Gilgali na Mispa kila mwaka. Wanawe walikula rushwa huko Beer-sheba, na wazee wakaja kutaka mfalme kama mataifa mengine.

Jibu la Samweli katika sura ya 8 limejengwa juu ya shina moja. Watu wanataka mfalme wa “kuwaamua”. Naye anawaeleza “mishpat” ya mfalme, yaani ile ile amri au haki, safari hii ikiwa ni haki ya mfalme juu yao. Kisha neno “atatwaa” linarudi mara nne: wana, mabinti, mashamba, watumwa. Mwishoni wao wenyewe watakuwa “avadim” wake. Kiebrania hakitofautishi hapa mtumishi wa ikulu na mtumwa wa shambani. “Eved” ni neno la wote wawili. Kiswahili hutofautisha, na mfasiri analazimika kuchagua. Chaguo hilo haliwezi kusomwa kwa wepesi Malindi, mji ambao ulijaa watu upya baada ya Sayyid Majid wa Unguja kuweka walowezi wake mwaka 1861, na ambao mashamba yake ya nafaka yalilimwa na watumwa.

Zaidi ya hayo, Malindi na bara yake ziliziweka kando kwa kando taratibu mbili zinazobishaniwa katika sura hiyo. Mjini alikuwako mtawala ambaye Wareno walimwita mfalme, na ambaye nyumba yake, baada ya kufanya urafiki nao karibu karne nzima, ilihamishiwa Mombasa mnamo miaka ya 1590, wakati Ngome ya Yesu ilipojengwa. Mwendo wa siku moja tu kutoka hapo, Wamijikenda waliishi bila mfalme yeyote, wakiongozwa na kambi, yaani baraza la wazee wa kaya. Mzee wa kaya angezielewa hoja za Samweli pasipo maelezo.

Neno “mfalme” lenyewe, au “mfaume” kwa lahaja za kaskazini, linastahili kuangaliwa. Kiswahili kimepokea kutoka shina la Kiarabu m-l-k maneno milki, mamlaka na malkia. Lakini mfalme hakupokelewa. “Maliki” limebaki hasa katika sifa za Mwenyezi Mungu. Kiebrania, kwa upande wake, kina “melekh” kwa Mungu na kwa binadamu pia, na huko ndiko uchungu wa 8:7 unakotoka, pale Mungu anapomwambia Samweli kwamba aliyekataliwa ni Yeye, asiwe “melekh” juu yao. Kweli Waswahili humwita Mungu Mfalme vilevile, kwa hiyo tofauti hii isikuzwe kupita kiasi. Hata hivyo inapendeza kuona kwamba msamiati wa pwani una nafasi ya kutenga mambo ambayo Samweli alitamani yatengwe.

Wala Sauli hapakwi mafuta kwa cheo hicho mwanzoni. Katika 9:16 na 10:1 neno ni “nagid”, ambalo tafsiri ya 1952 imelipa “mkuu”, kwa usahihi. Baadaye huitwa “mashiah” wa Bwana, mpakwa mafuta, na Kiswahili kimeandika “masihi”. Neno hili linawatatiza wasomaji wote: kwa Mwislamu Masihi ni Isa bin Mariamu, kwa Mkristo ni Yesu Kristo, na hapa ghafla ni Sauli pangoni, Daudi akiukata upindo wa vazi lake.

Aliyeombwa

Jina la Sauli, “Shaul”, maana yake ni aliyeombwa, na Kiebrania kinalichezea tangu sura ya kwanza, pale Hana anapoeleza kwamba mtoto wake aliombwa kwa Bwana. Katika Kiswahili mchezo huo umepotea, lakini shina halikupotea. Kiebrania “shaal” na Kiarabu “saala” ni kitu kimoja, na kutoka hapo pwani imepata “swali”. Mwalimu anayelionyesha hilo darasani ameokoa nusu ya sura. Qurani kwa upande wake inamwita Taluti, na wapo wafasiri waliolihusisha jina hilo na urefu, jambo linaloafikiana na 9:2, ambapo Sauli anawapita watu wote kuanzia mabegani.

Kisa chenyewe kimo katika Sura ya Pili, aya 246 hadi 251. Nabii hatajwi jina. Ni wafasiri waliosema kuwa ni Samweli. Watu wanalalamika kwamba Taluti hana mali, nao wanajibiwa kwamba amezidishiwa elimu na mwili. Sanduku ni alama ya ufalme wake, ilhali katika Samweli lilikuwa limekwisha kurudi kabla yake. Na mtihani wa maji ya mto, anaopewa Taluti, katika Biblia ni wa Gideoni, katika Waamuzi 7. Mwanafunzi asiharakishe kusema kwamba upande mmoja umekosea. Aangalie kwanza kila kisa kinataka kusema nini juu ya uongozi.

Ugumu wa kweli unakuja kwa Daudi. Kwa Mwislamu wa Shella Daudi ni nabii kwanza, na nabii amehifadhiwa na madhambi. Katika Samweli wa Pili hapewi cheo hicho: yeye ni mfalme, na nabii ni Nathani, aliyeletwa kumhukumu kwa ajili ya Bath-sheba na Uria. Wanaojadiliana juu ya sura ya 11 bila kulitazama neno hili hawajadiliani. Kila mmoja anamtetea mtu mwingine. Hata hivyo Nathani anamjia Daudi kwa hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mmoja tu. Katika Sura Sad wagomvi wawili wanapanda ukuta na kumwingilia Daudi mihrabuni, mmoja akieleza kwamba nduguye ana kondoo 99 naye ana mmoja, nao huo mmoja unatakwa. Daudi anahukumu, kisha anatambua kwamba amejaribiwa, na anaanguka akisujudu. Nathani hayumo. Lakini msomaji wa chuo cha Shella anapofika Samweli wa Pili sura ya 12, anamtambua yule kondoo mmoja kabla hajaambiwa msemaji ni nani.