Kuvuna Asidi kwa Utando wa Mafuta

Bakteria hugeuza sukari kuwa asidi laktiki bila taabu. Kazi ngumu ni kuitoa asidi hiyo majini. Njia iliyozoeleka ni kutia chokaa, kisha asidi ya salfuri, lakini kila tani ya asidi laktiki huacha karibu tani nzima ya jasi. Utando wa kimiminika, uliobuniwa na mkemia Norman Li na kupewa hataza Marekani mwaka 1968, hauachi taka hiyo.

Utando wenyewe ni tabaka la mafuta. Myeyusho wa soda kaustiki hupigwa kwa kasi ndani ya mafuta ya taa yaliyotiwa sabuni maalumu, hadi ugeuke matone madogo mno. Kisha mchanganyiko huo hukorogwa polepole ndani ya maji yenye asidi. Amini iliyomo kwenye mafuta, kama trioktilamini, huipokea asidi upande wa nje, huivusha na kuikabidhi kwa soda. Humo asidi huwa chumvi isiyopenya mafuta, basi hairudi ilikotoka.

Jambo la kwanza kupima ni pH. Amini hii hubeba asidi ambayo haijaachana na hidrojeni yake. Katika pH 3.86, nusu ya asidi laktiki iko katika hali hiyo; pH ikifika 5.86, hubaki takriban asilimia 1 tu. Bahati mbaya, bakteria wengi hustawi karibu na pH hiyo ya juu.

Sabuni ikipungua, matone hupasuka na kumwaga asidi iliyokwisha kuvunwa. Ikizidi, mafuta huwa mazito na uvushaji hupungua. Kukoroga kwa nguvu huharakisha kazi lakini huvunja utando. Soda kali mno huharibu sabuni yenyewe, na muda ukirefuka, maji hupenya ndani, matone yakavimba na mavuno yakazimuka.

Kwa kuwa mambo haya hutegemeana, kubadilisha moja huku mengine yakisimama hupotosha. Mbinu ya watafiti Box na Wilson ya mwaka 1951 hubadilisha mambo kadhaa kwa mpango, kisha hesabu huonyesha yanapokubaliana.

Asilimia kubwa ya asidi iliyotolewa haitoshi kuthibitisha mafanikio. Tupime pia kiasi kilichovuja, matone yalivyovimba, na kama mafuta yanaweza kutenganishwa kwa umeme wa volteji kubwa yakatumika tena. Utando usiorudi kazini ni taka mpya mahali pa jasi.