Kwa Nini Jino la Kupandikiza Hulegea Mapema

Jino la kupandikiza husimama juu ya skrubu ndogo ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya. Skrubu hiyo haishikiliwi na gundi. Mfupa wenyewe huota na kuizunguka, kazi inayochukua takriban miezi 3 hadi 6. Jino likilegea katika kipindi hicho, mara nyingi ni kwa sababu mfupa haukushikamana na skrubu.

Sababu zake zinafahamika. Uvutaji wa tumbaku hupunguza damu inayofika kwenye kidonda. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona na hukaribisha maambukizi. Mfupa uliopungua baada ya pengo kukaa miaka mingi huenda usitoshe kuishikilia skrubu. Aidha, kutafunia upande huo mapema huitikisa skrubu kabla mfupa haujakomaa.

Wananchi wanaokusudia kupata huduma hii wanashauriwa kupima sukari, kutibiwa fizi na kumweleza daktari wa meno dawa zote wanazotumia kabla ya kulipia. Maandalizi hayo ni nafuu kuliko kurudia upandikizaji. Maumivu yakizidi, usaha ukitoka au jino likicheza, mgonjwa arudi kliniki mara moja bila kusubiri tarehe ya miadi.